Nani Anasema "Auto"? Uhakiki wa Lugha ya BIOS

Katika kompyuta nzima, ukurasa ulioandikwa vibaya kuliko zote ndio huo huo wenye uwezo wa kuiunguza. Nausema ukurasa wa BIOS wa kupandisha kasi ya prosesa, ule unaofunguka ukibonyeza Delete au F2 kabla mfumo haujaamka. Upande wa kushoto una safu ndefu ya majina. Upande wa kulia una tarakimu chache, na baina yake neno moja linalorudiwa kama kiitikio: Auto, Auto, Auto.

Nimekuwa nikiusoma ukurasa huo kwa namna tunavyofundishwa kusoma matini katika somo la uhakiki. Nani anasema? Anamwambia nani? Amenyamazia nini? Wenzangu darasani hapa Kampala walicheka nilipouita matini. Kwao matini ni shairi, hadithi, tamthilia, labda hotuba. Lakini lugha iliyowekwa mbele ya mtu ili imfanye atende jambo ni matini, na hii ina sifa moja ambayo vitabu vyetu vya kozi havina: ukiisoma vibaya unalipa kwa fedha taslimu. Shairi likisomwa vibaya hakuna kinachotoa moshi.

Kwanza jambo lenyewe. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na kwa kila pigo inapiga hatua. Katika kompyuta nyingi za mezani ubao mama hutoa pigo la msingi la megahezi 100, na prosesa hulizidisha kwa namba yake. Core i5-2500K ya Intel, iliyotoka mwaka 2011, ilipewa kiwandani kizidisho cha 33, yaani gigahezi 3.3. Herufi K mwishoni mwa jina inamaanisha kwamba kizidisho hicho hakikufungwa. Ukiingia BIOS ukaandika 40 mahali pa 33, umepata gigahezi 4 bila kununua kifaa chochote. Umebadilisha namba tu. Waliokuwa wakubwa mwaka 1998 wanaikumbuka Celeron 300A, iliyouzwa kwa megahezi 300. Mtu aliyepandisha pigo la msingi kutoka 66 hadi 100 aliipata 450. Uroho huu una historia, na sioni aibu kusema unanivutia.

Waingereza wameliita jambo hili kwa neno la saa. Mimi nashika "kuzidisha mapigo", kwa kuwa neno hilo limebeba hatari yake ndani yake. Mpiga ngoma ya bakisimba akiongeza kasi, wachezaji watamfuata. Akizidi kuongeza, mguu utakuwa bado hewani wakati pigo linalofuata linalia. Ndani ya prosesa, mguu huo ni umeme ambao haujafika kiwango chake kabla ya pigo jingine. Volteji ikiongezwa, unafika mapema. Ndiyo maana kasi na volteji hupandishwa pamoja, na ndiyo maana joto huvipita vyote viwili: nguvu inayoliwa hufuata mapigo, mara volteji, mara volteji tena. Chukua prosesa ya gigahezi 4 kwa volti 1.20, uipeleke 4.4 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 10. Nguvu inayoendesha mapigo hayo imeongezeka kwa asilimia 39 hivi. BIOS itakuonyesha 4.4 kwa tarakimu kubwa. Hiyo 39 haina mstari wake.

Sasa nirudi kwenye kiitikio.

Watafsiri wa programu wametupa neno zuri la hali ambayo kifaa huja nayo: chaguo-msingi. Nalipenda kuliko neno la Kiingereza linalotafsiriwa, kwa sababu haliwezi kuficha kwamba kuna aliyechagua. Ukisikia chaguo, unauliza la nani. "Auto" haiulizwi. Linasikika kama hali ya hewa. Ukurasa wa BIOS una mistari mingi yenye neno hilo, na mtu anayefuata mwongozo huambiwa abadilishe miwili au mitatu, kisha husomewa sentensi ambayo nimeikuta katika miongozo mingi kwa maneno tofauti: hayo mengine yaache yalivyo. Kana kwamba yaliyoachwa yamekaa kimya.

Mwaka jana nilikuwa nikishinda kwa fundi mmoja aliyekulia Bunia, anayetengeneza kompyuta za studio za video za harusi. Alikuwa ameongeza kumbukumbu katika kompyuta moja na kuwasha profaili ya XMP, ambayo huiambia kumbukumbu ya DDR4 iache kasi yake ya kawaida ya 2133 kwa volti 1.2, iende 3200 kwa volti 1.35. Hiyo ilikuwa wazi, imeandikwa. Lakini mistari miwili chini yake niliona volteji nyingine, ya sehemu ya prosesa inayozungumza na kumbukumbu, nayo imepanda.

"Fundi, hii nani kaipandisha?"

"Si mimi, dada. Ni bodi yenyewe. Iko Auto."

Alisema kweli. Ila Kiswahili kina tabia ya kukamata watu kwa neno hilo hilo. Kitu kikifanyika chenyewe, hakuna mtu. Lakini mwenyewe ni mwenye mali. Nyuma ya "bodi yenyewe" yuko mhandisi wa kampuni, mara nyingi ya Taiwan, aliyeandika jedwali: kumbukumbu ikifika kasi hii, pandisha volteji ile kwa kiasi hiki. Alikuwa na sababu. Alitaka kumbukumbu ya kila mtu iwake mara ya kwanza, hata ile dhaifu, ili simu za malalamiko zisilie. Pengine alitaka pia ubao wake uongoze katika vipimo vya magazeti, ambako tofauti ya asilimia 1 huuza. Sababu zote mbili ni za kibiashara na si za kishetani. Lakini hazikuwa sababu za fundi, wala za studio, na mstari ule haukusema hata moja.

Kuna kejeli inayonifurahisha kama mwanafunzi wa lugha. Ukiingia sehemu hii ya BIOS, mbao nyingi hukupa onyo kwamba ukibadilisha chochote utakuwa umefanya kwa hatari yako mwenyewe. Volteji ikipanda, imepanda yenyewe. Kitu kikiungua, kimeungua kwako mwenyewe. Wahusika katika matini hii wamegawanywa kwa uangalifu mkubwa.

Mtu atasema natia chumvi, kwamba Auto ni ya kuaminiwa kuliko mkono wa mtu asiyejua. Kwa kawaida ndivyo. Lakini tazama yaliyotokea mwezi Aprili 2023. Prosesa za AMD za kizazi cha Ryzen 7000, hasa zile zenye X3D mwishoni mwa jina, zilianza kuungua ndani ya soketi. Picha zilionyesha uvimbe upande wa chini na alama nyeusi kwenye vipini vya ubao. Wengi waliokutwa na mkasa huo walikuwa wamewasha EXPO, ambayo ni XMP ya upande wa AMD. Walibonyeza kitu kimoja. Hawakuandika volteji yoyote. Nyuma ya kitufe hicho mbao zilikuwa zikipandisha volteji ile ile niliyoiona kwa fundi, kupita kiasi ambacho prosesa hizo zingevumilia. AMD ikatoa marekebisho yanayoifungia kwenye volti 1.3, na kampuni za mbao zikatoa BIOS mpya. Msomaji mzuri wa matini ataona kilichobadilika na kisichobadilika: kikomo kiliwekwa, jina la kitufe likabaki vile vile.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Intel, na hapa sitaki kuzilaumu mbao kwa kosa ambalo si lao. Core i9-13900K ina wati 125 kama kiwango cha msingi na wati 253 kama kilele. Mbao nyingi za bei juu zilikuja na vikomo hivyo vimefunguliwa tangu kiwandani. Michezo ilipoanza kuanguka na prosesa kuchoka kabla ya wakati, jambo la kwanza kuguswa lilikuwa hilo, na BIOS mpya zikaja na mpangilio uliotajwa wazi kuwa ni wa Intel. Mwezi Julai 2024 Intel yenyewe ikasema mikrokodi yake ilikuwa ikiomba volteji isiyo sahihi. Mwezi Agosti ikatoa mikrokodi iitwayo 0x129, ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Prosesa iliyokwisha kuumia haikuponywa na sasisho hilo. Kwa hiyo hata "yenyewe" ya Intel ilikuwa na mwenyewe, na alipojitokeza tulijua pa kumshika.

Mfano ninaoupenda katika habari hii yote ni wa MSI. Katika mbao zao kadhaa BIOS humuuliza mtumiaji swali la upole kabisa: una kipoza joto cha aina gani? Kuna cha kwenye boksi, cha mnara wenye feni, na cha maji. Ukijibu cha maji, kikomo cha nguvu huwekwa wati 4096.

Hebu tuisome namba hiyo polepole. Soketi ya ukutani ya Uganda, ile ya vipini vitatu, ni ya ampea 13 kwa volti 240. Ukizidisha unapata wati 3120. BIOS imemruhusu prosesa, kijipande kinachoenea kiganjani, kula umeme ambao soketi hiyo haiwezi kutoa. Bila shaka mhandisi hakukusudia hivyo. Alitaka kusema "hakuna kikomo", na akatumia namba kubwa ya kompyuta, 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12. Lakini aliyeulizwa aliulizwa habari ya maji na feni. Alijibu kwa ukweli kuhusu kifaa alichonunua, na jibu lake likatafsiriwa kuwa ridhaa ya jambo ambalo hakuulizwa. Katika darasa la pragmatiki tungesema swali lilikuwa na tendo-uneni lililofichwa. Nyumbani kwetu tungesema kijana huyu ameuzwa.

Tukiachana na neno, tuzitazame namba. Miongozo ya kuzidisha mapigo ina namba zake takatifu. Utasikia kwamba hadi volti kadhaa ni salama, zaidi ya hapo ni hatari, na mbao za ASUS husaidia imani hiyo kwa kugeuza rangi ya tarakimu kadiri unavyopanda mpaka zinakuwa nyekundu. Rangi ni msaada, nakubali. Ni sehemu ya pekee ya ukurasa huu inayojaribu kusema na binadamu. Tatizo ni kwamba namba ya volteji haina maana ikiwa peke yake, kama vile neno "nenda" halina maana mpaka ujue ni mama anayemtuma mtoto dukani au ni askari kizuizini.

Chukua Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019. Ukiiacha ifanye kazi kwa mipangilio yake na ukafungua programu ya kupimia, utaona volteji ikiruka hadi 1.4 na kitu. Wengi walishtuka walipoona hivyo mwaka ule, na AMD ikalazimika kueleza kwamba ni kawaida: kazi ikiwa nyepesi, kiini kimoja kinaamka, kinapewa volteji ya juu kwa muda mfupi sana, mkondo ni mdogo, kisha kinalala. Sasa mtu anayesoma namba bila muktadha anajiambia, kumbe 1.45 ni salama, kiwanda chenyewe kinaitumia. Anaingia BIOS anaiandika 1.45 kwa mkono, kwa viini vyote 6, saa zote, na chini ya kazi nzito. Ni namba ile ile kwa herufi na nukta. Maana yake imegeuka kutoka mruko wa sekunde kuwa mzigo wa kudumu, na mzigo huo huila prosesa taratibu bila kelele, hata kasi iliyokuwa ikibebwa vizuri mwezi wa kwanza ikashindwa kubebeka baadaye.

Hapa ndipo ninapoitofautisha miongozo mizuri na mibaya, na kigezo changu ni cha kisarufi. Mibaya imejaa amri tupu: ongeza, jaribu, ikizima ongeza tena. Mizuri ina vishazi vya masharti. Ikiwa kipoza joto ni hiki, chumba kina joto hili, na kazi ni ya aina hii, basi. Nyuzijoto alizopata mwandishi katika chumba cha nyuzi 20 haziwezi kuhamia Mombasa kwenye chumba cha nyuzi 32. Hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 12 zaidi, prosesa nayo itakuwa juu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwongozo usiotaja chumba umeandikwa na mtu anayedhani vyumba vyote ni chake.

Kuna neno jingine ambalo sijapata kulitafsiri nikaridhika, ile hali ambayo miongozo huitaja kama mwisho wa safari. Nimejaribu "imara", "tulivu", "thabiti". Kwa wapandisha mapigo wengi maana yake ni kwamba jaribio limepita saa moja na kompyuta haikuzima. Hutumia Prime95, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, ambayo kwa bahati huitesa prosesa kuliko kazi nyingi za kweli. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwa kudhani kwamba kosa la kompyuta ni lazima lionekane. Mapigo yakizidi kidogo tu, hasa ya kumbukumbu, kompyuta haizimi. Inaandika 0 mahali pa 1 na kuendelea na kazi. Ile ya studio ilipita jaribio la jioni nzima. Siku kadhaa baadaye faili moja iliyobanwa yenye picha za harusi ilikataa kufunguka, kisha ya pili. Programu ikisema kilichosomwa hakilingani na kilichoandikwa. Waliokuwa wameoana walikwisha safari. Picha zile ziliokolewa kwa kuwa kadi ya kamera ilikuwa haijafutwa bado, na fundi aliirudisha kumbukumbu kwenye kasi yake ya kawaida kabla hajagusa kitu kingine. MemTest86, iliyoachwa ifanye kazi usiku kucha kabla ya kompyuta kurudi kwa mwenyewe, ingekuwa na nafasi kubwa ya kulionyesha kosa lile. Ni programu inayoanza kabla ya mfumo, ina sura mbaya, na hakuna anayeisifia.

Kwa hiyo neno "salama" katika kichwa cha mwongozo lina mzigo mkubwa kuliko wanaoliandika wanavyodhani. Kuna usalama wa chuma, ambao ndio unaozungumzwa. Kuna usalama wa kazi iliyo ndani ya chuma. Wa pili huharibika mapema zaidi.

Ningependa sasa kusema namna mimi ninavyofanya, si kwa kuwa uhakiki lazima utoe dawa, bali kwa kuwa nimechoka na wahakiki wanaoishia kwenye kidonda. Kabla ya kugusa kitu, naupiga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, pamoja na ile mistari ya Auto na thamani halisi zinazoonyeshwa pembeni yake, kwa sababu picha hiyo ndiyo rekodi ya pekee ya kile ubao ulichochagua. Kama BIOS ni ya zamani na ina kasoro iliyokwisha kurekebishwa, kama hizo za 2023 na 2024, naisasisha kwanza. Na kwa huku kwetu sisasishi bila UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza usiwake tena. Kisha nagusa jambo moja kwa wakati mmoja. Nikianza na prosesa, kumbukumbu inabaki kwenye kasi yake ya kawaida, ili kosa likitokea nijue mshtakiwa ni nani. Kizidisho kinapanda kwa 1. Volteji naiandika mwenyewe, ama kwa namba ama kwa kiasi cha kuongeza au kupunguza, na simwachii Auto aifuate kasi yangu, kwa kuwa atakuwa na haraka kuliko mimi. Joto likikaribia kikomo cha kiwanda wakati wa jaribio, nimefika, hata kama kompyuta bado inaendelea. Kikomo cha Ryzen 5 3600 ni nyuzi 95, na hiyo ni namba ya kujilinda, si ya kuishi. Kompyuta ikikataa kuwaka, kuna pini mbili za kufuta kumbukumbu ya BIOS, au betri ndogo bapa ya CR2032 ya kuchomoa kwa dakika kadhaa, na yote yanarudi mwanzo.

Lazima niongeze kwamba wengi wetu hatutafika hata kwenye ukurasa huo. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mkono wa pili hapa mjini zilitoka katika ofisi za Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex na ndugu zake wa HP, na BIOS zao hazina mstari wa kizidisho kabisa. Zamani niliona huo ni unyimi. Siku hizi naziona hizo BIOS kavu kuwa ni matini nyofu zaidi: mistari michache, kila mmoja ukisema unachofanya, na nyingine zina maelezo ya sentensi mbili tatu kando ya kila mstari. Aliyeziandika alijua msomaji wake ni mtu wa ofisi mwenye kazi nyingine ya kufanya.

Na kwa mwenye ukurasa kamili, shauri langu litawachukiza wapenda mbio. Prosesa za leo hujizidisha mapigo zenyewe mpaka karibu na ukingo wa uwezo wake. Kilichobaki kwa mkono wa mtu ni kidogo, na bei yake ni ile asilimia 39. Mstari wenye faida zaidi katika BIOS yako huenda ni ule wa kushuka. Ryzen 9 7950X ya wati 170 ina hali ya kubana matumizi inayoishusha hadi 105 au 65, na kazi inayopotea ni ndogo sana ukilinganisha na joto linalookolewa. Kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, kwenye nyumba ya tokeni za umeme, huko ndiko kurekebisha kwa akili. Ila sijaona mwongozo mwingi unaosifu kushuka. Sifa zote ni za kupanda, na picha zote ni za namba kubwa.

Kiswahili kiliingia kwenye programu za ofisi mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice. Tangu hapo kimeingia Windows na simu za kila mtu. Katika orodha ya lugha za BIOS zote nilizowahi kufungua nimekuta Kichina, Kijapani, Kijerumani, Kirusi, lakini chetu sijakikuta. Kikija, naomba watafsiri wasiandike "otomatiki" wakaenda zao. Nimejaribu kuuandika mstari mmoja upya, ule uliomponza fundi, kwa herufi ambazo zingeenea kwenye ukurasa:

Volteji ya kidhibiti kumbukumbu: 1.25. Imechaguliwa na mtengenezaji wa ubao kwa sababu umewasha profaili ya 3200. Ilikuwa 1.10. Irudishwe?